Vipawa vya Asiyekuja

Kadi zenyewe nilizikata kutoka kwa karatasi ya harusi za watu. Ninafanya kazi kwenye duka la uchapishaji katikati ya mji, ghorofa ya pili, na riziki yetu kubwa ni kadi za mialiko ya harusi na vile vitabu vidogo vya ibada za mazishi. Mazishi huacha mabaki ya karatasi nyepesi isiyofaa kitu. Harusi huacha karatasi nzito, yenye maua ya dhahabu upande mmoja. Kila Ijumaa kabla hatujafunga nilikuwa nikiokota vile vipande vya harusi, navikata sawa kwa mashine, na nyuma ya maua naandika kwa kalamu: Upanga usiokosea. Viatu vya asiyesikika akitembea. Chungu kisichopoa. Mwajiri wangu aliniona mara nyingi na hakuniuliza chochote, maana mfanyakazi anayechukua takataka hana hasara.

Usinicheke. Mimi ni mtu mzima, ndevu zangu zina mvi mbili tatu, na kwa miaka minne kazi yangu ya pili hapa duniani, isiyo na mshahara, ilikuwa kugawa uchawi kwa haki.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anaeleza dunia: hapa pana pango, mbele ya pango pana mto, na ndani ya mto pana kitu kinachopumua. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi, anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea, mtu anarusha dadu ya pande ishirini, na dadu ikishasema imesema. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea wiki hii na wiki ijayo, na njiani wahusika wanaokota vitu vyenye nguvu. Msimulizi nilikuwa mimi. Msimulizi hana mhusika, hana upanga, haokoti kitu. Yeye ndiye huviweka vile vitu mahali pa kuokotwa.

Tulikuwa wanne, pamoja nami. Wa kwanza ni rafiki yangu, ambaye tulikaa naye chumba kimoja Riruta kwa miaka mitano. Yeye ndiye aliyeutoa mchezo huu chuoni akaniletea, na mhusika wake alikuwa mpiga mishale mwenye maringo. Wa pili ni fundi wa simu mwenye kibanda chake Dagoretti Corner, mtu wa kelele na vicheko, anayebusu dadu kabla ya kuirusha. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole tuliyejuana naye kwenye kwaya. Aliishi Jamhuri na mama yake, na ni kwenye meza ya mama yake tulipocheza, kila Jumamosi saa nane mchana.

Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, si wa kupaka rangi. Jumamosi ya kwanza alisikia fundi akipiga kelele kwamba anataka uchawi zaidi, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatuuliza kama tumesahau tuko nyumba ya nani. Mwalimu alimtuliza. Tukakubaliana kuwa pale mezani hakuna uchawi, kuna vipawa. Mama akasema vipawa ni sawa, hata Biblia inavitaja, akarudi kwa ndengu zake. Tangu siku hiyo ikawa vipawa, hata nikiwa peke yangu.

Niseme jambo moja waziwazi. Ile Jumamosi ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa nikiongea na wateja, na mazungumzo yenyewe ni jina la bwana harusi liwe juu au chini, picha ya marehemu iwe ya rangi au la. Kwenye ploti ninakoishi majirani ni wazuri, lakini ni watu wa salamu ya niaje halafu mlango unafungwa. Kwetu ni mbali, magharibi huko, na wazazi hawapo tena. Kwa hiyo meza ile ikivunjika sikuwa na meza nyingine. Nilijua hivyo, na nilichunga kila kadi niliyoandika kwa sababu nilijua hivyo.

Maana ni kadi ndizo zinazovunja meza. Hili nililisoma mapema. Ule upanga usiokosea nilimpa fundi mwaka wa kwanza, nikaona nimefanya jambo zuri. Kwa Jumamosi tatu mfululizo fundi alikata kila kilichotembea. Rafiki yangu akaanza kuangalia simu chini ya meza. Mwalimu, kwa adabu yake, akatoa madaftari ya darasa la nne akawa anasahihisha hesabu huku fundi akiua. Hapo ndipo nilielewa: mmoja akizidi, wenzake wanageuka watazamaji, na mtazamaji anaweza kutazama kitu kingine chochote.

Sikumnyang'anya upanga. Kumnyang'anya mtu kitu ulichompa ni uchoyo, na fundi angelia. Niliupa gharama. Nikaandika chini ya kadi: kila unapoutumia, unasahau jina moja la mtu unayempenda. Loo, ungemwona fundi. Akaandika orodha ya majina pembeni mwa karatasi ya mhusika wake, na kila akitaka kupiga alisimama kwanza, anaangalia ile orodha, anakuna kichwa, anawauliza wenzake kama hakuna njia nyingine. Siku aliyofuta jina la mama wa mhusika wake alitoka nje kuvuta hewa. Mchezo ulipona. Mwalimu alinisifu mbele ya watu, nikajiona bingwa wa mizani.

Yeye mwalimu alikuwa na taa tu. Taa yake ilimwonyesha njia ya kurudi mahali alipolala jana, basi. Ilikuwa kipawa kidogo hata sikuona haja ya kukipa gharama. Aliitumia kila wiki na hakulalamika, na mimi ni mtu wa makosa haya: asiyelalamika namsahau.

Halafu rafiki yangu akaoa. Kadi zake nilizichapisha mimi, na kwenye picha za harusi niko, wa tatu kutoka kushoto, nimekodolea kamera macho. Akahamia upande wa barabara ya Thika, ambako kwa mtu wa Riruta ni kama nchi jirani. Kitanda chake kikabaki chumbani kwangu kwa sababu mke wake alikuwa na kikubwa zaidi. Nikaweka makatoni juu yake ili kisikae kikinitazama.

Jumamosi ya kwanza aliyokosa alituma ujumbe saa saba, kwamba wageni wa mke wamefika. Tukacheza watatu. Jioni Mama akapakua, chapati na ndengu, na akapakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Hakuna aliyemuuliza. Sote tumelelewa hivyo: mtu wa nyumbani asipokuwepo wakati wa chakula, chake kinafunikwa. Mimi nilimkumbuka mama yangu, sufuria yetu, na sahani ya baba iliyofunikwa kila siku ya mnada alipochelewa kurudi.

Sasa, siku hiyo mchana wahusika walikuwa wameokota vipawa pangoni. Nikauliza, na cha mpiga mishale je? Fundi akasema afunikiwe. Mwalimu akasema ni haki. Nikachukua bahasha ya harusi, nyeupe, nikaandika kazi ya mhusika wake juu, nikatia kadi moja ndani. Ilikuwa kadi ya kawaida, mshale unaotoa mwanga. Hapo hatukuwa tumekosea bado, hilo nitalitetea popote.

Wiki iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Nikamtumia picha ya kadi kwa simu ili aone tunamkumbuka, akajibu: "Noma sana, buda! Jumamosi ijayo lazima." Ujumbe huo niliusoma nimelala, nikausoma tena asubuhi. Nikafikiri, kumbe kadi zinamgusa. Basi ile iliyofuata nikaifanya nzuri zaidi kidogo. Podo lisiloisha mishale. Akajibu kwa emoji tatu za moto. Iliyofuata nikaizidisha tena. Koti la kupita ukutani. Ijumaa nilikuwa nakaa pale dukani mashine zikishazimwa, nawaza kitu gani kitamfanya mtu aliyeoa avuke mji mzima, na mawazo yalikuja bila shida yoyote, na hakuna hata kadi moja kati ya hizo niliyoiandikia gharama.

Nilimkosa, ndiyo hivyo. Nilimkosa akiimba vibaya akipiga pasi. Nilimkosa akinigombeza kwa kuacha majani ya chai kwenye kikombe. Mtu akikaa na mwenzake miaka mitano halafu abaki na makatoni, anafanya mambo. Na sikuweza kumwambia mtu mzima mwenzangu kwamba chumba kimekuwa kikubwa, kwa hiyo nilimwambia kwamba mhusika wake sasa anaweza kusimamisha upepo.

Mwezi wa tatu, wakati wa kufunga mchezo, mwalimu alibaki nyuma akiokota dadu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile taa yake inaweza kuongezwa kidogo. Alitaka iweze kuonyesha njia ya kumfikia mwenzako aliyepotea, si mahali ulipolala tu. Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwa kirefu, mimi bingwa, kwamba taa ya namna hiyo ingeharibu mizani, kwamba kundi lisiloweza kupoteana halina hadithi. Alisikiliza yote. Akasema ni sawa, akatia dadu zangu kwenye mfuko wa kitambaa. Na Ijumaa ile ile niliandika kwa ajili ya bahasha upinde unaoua chochote mwenye nao anachoweza kukiona. Ninayaandika haya uso ukinichoma.

Miezi mitano yote aliyokosekana rafiki yangu, huku bahasha ikinona, mwalimu na fundi walikuwa wakijiandaa kukutana na Mfalme wa Chumvi. Huyo nilimbuni mimi, amekausha mito yote ya nchi yao, na hakuna silaha inayomweza isipokuwa maji. Basi wao wawili walizunguka kijiji kwa kijiji kwenye hadithi, wanaomba maji kibuyu kwa kibuyu. Mwalimu aliandika mpango kwenye daftari la mazoezi, kurasa nne, kwa mwandiko wa ubaoni. Fundi, fundi yule wa kelele, alifuta majina mawili tu katika miezi mitano kwa sababu alikuwa akiyaweka kwa ajili ya siku hiyo. Walikuwa wakicheza vizuri kuliko tulivyowahi kucheza. Mimi nilikuwa nikiwasimulia huku jicho liko kwenye simu, nikiangalia kama kuna mtu ameandika kwamba yuko njiani.

Siku yenyewe ikafika, mvua za masika zinamwagika, na saa nane na nusu mlango ukabishwa. Alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, ana mwavuli. Nilisimama kwa kishindo nikamwaga chai ya watu wawili. Mama akamkumbatia, fundi akampiga bega, na mimi sikungoja hata akauke, nikamwekea bahasha mbele yake. Kadi kumi na tisa. Alizitandaza mezani, zikafunika daftari la mwalimu, akauliza huku akicheka kama zote hizo ni zake. Nikamwambia zako zote, tulikufunikia.

Yaliyofuata yalichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mfalme wa Chumvi alitokea mlangoni mwa jumba lake. Nilikuwa nimemwandikia maneno ya kusema, maneno mazuri. Rafiki yangu akauliza, namwona? Nikasema unamwona. Akanyanyua ile kadi ya upinde, akaisoma kwa sauti, akaniangalia. Dadu haikuhitajika. Mfalme alianguka, mito ikafunguka, na vile vibuyu vya maji ya miezi mitano vilikuwa bado migongoni mwa watu wawili ambao hawakuwa wamefungua midomo.

Rafiki yangu alicheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Simu yake ikalia. Akaongea kidogo pale koridoni, akarudi akasema samahani, lazima awahi nyumbani, akachukua mwavuli. Bahasha hakuichukua. Mama alitoka jikoni na chapati za watu watano akakuta mmoja ameshaondoka, akaitafuta sahani ya kufunika.

Mwalimu alilitoa daftari lake chini ya kadi taratibu, asiziharibu, akalifunga. Fundi alikaa kimya, na fundi akikaa kimya nyumba nzima inasikia. Mwishowe akachomoa kadi ya upanga wake, ile orodha ya majina ameikata na kuigandisha nyuma yake, akaisukuma hadi kwenye bahasha.

"Hii pia mfunikie," akasema.

Akavaa jaketi akaenda na mvua. Hakurudi tena. Nikipita Dagoretti Corner tunasalimiana, hata kioo cha simu alinibadilishia vizuri sana, lakini mchezo hautaji, na mimi sina uso wa kuutaja.

Wiki hiyo nilifanya nilichojua kufanya. Niliketi na zile kadi kumi na tisa, nikaanza kuziandikia gharama, moja moja. Koti la kupita ukutani, lakini kila ukuta unakuachia jiwe mfukoni. Upinde unaoua, lakini unakupofusha siku tatu. Nilifanya kazi nzuri, Mungu anajua, kazi nzuri kuliko zote. Alhamisi nikampigia rafiki yangu kumwomba radhi kwamba kadi zake zitapunguzwa makali kidogo, nikiogopa atakasirika na asije tena.

Hakukasirika. Aliongea polepole, na ile sauti yake ninaijua, ni ile aliyokuwa akiitumia kwa mwenye ploti tukichelewesha kodi.

"Buda, hizo picha hata sikuwa nazifungua. Nilikuja ndiyo uache kutuma."

Kisha akasema nisichukulie vibaya, amebanwa tu, mtoto halali. Nikauliza mtoto gani. Akasema wao wana mtoto, msichana, ana miezi miwili. Sikujua. Nilikuwa nimemtumia vipawa kumi na tisa, na katika ujumbe wote ule sikuwa nimemuuliza hata siku moja anaendeleaje. Nikampongeza. Nikasema nitakuja kumwona mtoto, akasema karibu sana, na simu ikaisha.

Jumamosi nilienda Jamhuri na kadi zangu zilizosahihishwa. Alikuwepo mwalimu peke yake mezani. Mama alikuwa jikoni, tulisikia unga ukipigwa. Nikamweleza mwalimu kila kadi na gharama yake, nikamwambia fundi akisikia atarudi, kosa lilikuwa gharama tu, gharama nimeiweka. Alinisikiliza hadi mwisho, vile anavyosikiliza watoto.

"Kosa si gharama," akasema. "Mama hufunika sahani moja, ya kawaida, kutoka sufuria ile ile tunayokula sisi. Haongezi nyama kwa sababu mtu amechelewa. Na mtu asiporudi, asubuhi tunakila sisi, kiporo."

Miaka yote nimekula kiporo cha baba yangu asubuhi ya baada ya mnada, nikipigania ukoko na ndugu zangu, na sikukumbuka. Nilikumbuka ile sahani iliyofunikwa tu.

Kisha akaniambia la pili. Amehamishwa. Barua ilikuja mwezi wa tatu, shule ya mbali, kaunti nyingine kabisa, anaondoka baada ya wiki mbili. Nikahesabu miezi kichwani. Nikamuuliza kama ndiyo sababu aliomba taa. Akasema ndiyo. Alitaka mhusika wake awe na njia ya kutufikia akishaenda, tungecheza hata kwa simu. Alisema hivyo bila kinyongo. Ningependa angekuwa na kinyongo.

Nilichukua kadi tupu nikaandika pale pale: Taa hii humwonyesha aliye nayo njia ya kumfikia mwenzake. Gharama: lazima aende mwenyewe, kwa miguu. Nikampa. Alisoma, akaigeuza akatazama yale maua ya dhahabu, akanirudishia.

"Kaa nayo wewe," akasema.

Aliniambia pia kwamba Mama atabaki peke yake nyumba nzima ile, na kwamba amesema Jumamosi nije tu, mchezo uwepo usiwepo. Niliahidi kwa kinywa changu. Tulimsindikiza mwalimu siku ya kuondoka, mimi na Mama, tukabeba ndoo na godoro hadi kwenye pikapu, na Mama alipunga mkono muda mrefu baada ya gari kukata kona.

Sikwenda. Nieleze vipi. Jumamosi ya kwanza nilijiambia nimechoka. Ya pili nikajiambia msimulizi bila wachezaji ni mtu anayeongea peke yake, nitaenda kumfanyia nini mama wa watu, nikamkalie mezani nikimkumbusha watoto walioondoka? Nilikuwa na haya. Meza ile ilivunjwa na mkono wangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiifuta kila wiki. Ya tatu sikujiambia kitu. Nilifua nguo, nikazianika, saa nane ikafika nikiwa nimekaa kitandani nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Saa nane ya Jumamosi ni ndefu sana Riruta. Hakuna aliyenipigia, na nilichukulia hilo kama ushahidi kwamba hakuna anayeningoja.

Zilipita Jumamosi sita.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya kukung'uta, nilirudi kutoka kanisani nikaamua kukitoa kile kitanda cha rafiki yangu, kuna kijana wa ploti alikuwa akikihitaji. Nikashusha makatoni. Ndani ya moja mlikuwa na bahasha, imevimba, na juu yake ile kadi ya taa. Nilikaa nikaisoma kama mtu asiyejua nani ameiandika. Halafu nikakumbuka dadu zangu nimeziacha Jamhuri, kwenye droo ya kabati la vyombo. Nikajiambia naenda kuchukua dadu. Ni vizuri mtu kuwa na sababu.

Nilitembea. Nilishuka Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, kibanda cha fundi kimefungwa kwa kufuli mbili, nikashika Ngong Road watu wakitoka ibada ya pili wamevaa masweta. Miguu ilikuwa ikiuma nilipofika lango lao. Nilisimama hapo kidogo nikijipanga maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna: akinigombeza, akilia, akijifanya hanijui.

Mama alifungua mlango. Alikuwa amepungua, sweta la mwalimu limemkaa mabegani. Alinitazama toka juu hadi viatu vyenye vumbi, asiulize nilikokuwa. Akageuka akaingia ndani nami nikamfuata, kwa sababu mlango hakuufunga. Meza ilikuwa imefutwa. Kiti changu kilikuwa mahali pake, pale anapokaa msimulizi, kimevutwa nje kidogo kana kwamba mtu amekitoka sasa hivi. Kwenye kabati la vyombo kulikuwa na sahani mbili, moja imefunika nyingine, safi kabisa, zimeoshwa.

Akaona ninavyoziangalia.

"Leo hakuna kitu, kijana," akasema. "Nilikufunikia jana. Na Jumamosi ile nyingine, na ile nyingine, zote. Asubuhi ikifika nakula mimi."

Kwa miaka minne nilidhani msimulizi hana sahani. Dadu sikuzigusa. Nilivua koti, nikalitundika mahali pangu pa siku zote, nikamuuliza unga uko wapi.